Adui Uliyemvisha Shuka

Magomeni, Kilosa
Jumanne, saa tisa na nusu alasiri

Hidaya mwanangu,

Basi la kesho litaondoka stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si saa kumi na mbili kamili kama tulivyoambiwa Ijumaa. Amesema hivyo karani wa tiketi, yule mama mwenye miwani, leo saa nane mchana. Nilimwomba arudie, akarudia, kisha akaniuliza kama ninamwandika gazetini. Nikamwambia hapana, namwandikia binti yangu.

Nimeanza na basi kwa kuwa ndiyo habari ya leo ninayoweza kuisimamia. Mambo ya soksi, koti, mahali pa kuficha pasipoti na vyakula vya kule Ujerumani unakokwenda kusomea uchoraji sitayagusa. Shangazi yako aliyamaliza kwenye simu, nawe ulimsikiliza kwa adabu huku ukichora kwenye kiganja chako.

Mimi nina masahihisho mawili. Katika kazi yangu ya gazeti sahihisho hutolewa mapema, mahali pale pale kosa lilipotokea, kwa maneno machache. Haya yangu yamechelewa na hayatakuwa machache. Umekwenda Munisagara tangu asubuhi kumuaga bibi yako, umesema utarudi kabla ya giza. Nina saa tatu hivi.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa uani tunachambua mchele, wewe na ungo wako, mimi na wangu. Ukaniuliza bila kuinua macho, "Baba, ulipokwenda Ulaya, walikubagua?"

Nikasema, "Hapana. Ni watu wema, wana haraka tu."

Ukasema, "Haya," ukaendelea kutoa mawe.

Jibu lile halikuwa kweli. Nadhani ulijua, maana uliuliza kama mimi ninavyowauliza watu ninaojua watanikwepa: ukiwa umeshika kitu mkononi, usionekane unangoja.

Kabla ya Ulaya, lakini, kuna Mikumi. Ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa nakwenda kumhoji mtafiti mmoja wa wanyama, Mzungu, aliyekuwa akiishi na mkewe na mtoto wao kwenye hoteli ya watalii nje kidogo ya hifadhi. Nilikuchukua kwa sababu ilikuwa Jumamosi na mama yako alikuwa na zamu zahanati. Kiti cha mbele, pembeni yangu, alikaa kijana wa Kizungu aliyekuja kujifunza kazi kwetu kwa miezi miwili, na aliyekuwa bado hajaandika habari hata moja bila mimi kuipitia.

Tulipofika getini mlinzi alimpigia saluti kijana. "Karibu sana, bosi." Kisha akainama upande wangu. "Dereva, egesha kule nyuma. Chakula cha madereva kipo, ulizia jikoni."

Mlinzi yule alikuwa mtu wa hapa hapa Kilosa. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemnukuu katika habari ya maji ya bomba, jina lake na la mtaa wake. Hakunitambua, au hakuona sababu ya kunitambua. Wewe ukasema kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya darasani, "Baba si dereva."

Nikasema, "Nyamaza, mama."

Nikaegesha nyuma. Nilijiambia kwamba si vizuri kumuaibisha mtu kazini kwake, na kwamba kijana angeona tunagombana sisi kwa sisi. Kijana aliingia ndani na kufanya mahojiano niliyoyaandalia maswali. Mimi nilikula wali na maharage na madereva wawili kutoka Dar es Salaam, watu wacheshi, tukaongea mpira. Maharage yalikuwa mazuri. Nakuambia hivyo kwa sababu hayo mambo huja hivyo: hakuna aliyekutukana, na chakula umekula.

Wewe ulikuwa umekwenda kucheza na mtoto wa mtafiti. Alikuwa na nguo ya shujaa wa katuni, ya kijani, yenye kitambaa cha kuning'inia mgongoni, na alizungumza Kiswahili cha jikoni kwao, kizuri tu. Uliporudi kwenye gari ulitazama nje mpaka tukapita mizani ya malori. Nikakuuliza mmecheza nini.

"Shujaa na mwizi."

"Wewe ulikuwa nani?"

"Mwizi."

"Mara zote?"

"Amesema shujaa si mweusi. Nimemwambia tubadilishane. Akasema sitafanana."

Nami nikacheka. Kijana alikuwa pembeni yangu, amekuwa mwekundu masikio, sikutaka aone vibaya. Nikasema, "Mchezo wa watoto huo, usiutie moyoni." Ukaacha kuutia moyoni mbele yangu. Tangu siku ile hukuniletea tena habari ya namna hiyo, na nimekuwa mwandishi muda wa kutosha kujua kwamba chanzo kikichekwa mara moja hakirudi.

Jioni ile nilimweleza mama yako kama kichekesho. Aliendelea kukunja nguo. Mwishowe akasema, "Huyo mtoto alikutetea getini ukamnyamazisha. Saa moja baadaye ulitaka ajitetee vipi?" Nilichukua redio nikakaa nje.

Halafu zikaja penseli. Uliomba penseli za rangi, nikakununulia boksi la kumi na mbili pale dukani karibu na soko. Baada ya miezi miwili ulikuja kuomba nyingine ya kahawia. Nikafungua boksi. Zote zilikuwa ndefu isipokuwa ya kahawia, iliyobaki kipande kisichoshikika. Nikadhani umechora ardhi, au miti. Nikafungua daftari lako. Ulikuwa umechora wezi. Kurasa na kurasa za wezi, wote wa kahawia, umewapaka kwa bidii mpaka karatasi ikang'aa. Na katikati yao msichana mmoja anayeruka, hakupakwa chochote, ameachwa mweupe wa karatasi.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Binti Mkondoa. Anasikia mto kabla haujafurika."

"Mbona hujampaka?"

"Ndivyo alivyo."

Msichana wa mto wetu Mkondoa, mto unaotuingilia majumbani, anaishi hapa Magomeni, na rangi yake ni ya karatasi. Nilikununulia penseli mpya ya kahawia. Hicho ndicho nilichofanya.

Sasa Ulaya. Mji nilikokwenda kwa mafunzo ya waandishi una treni ndogo zinazopita barabarani katikati ya magari. Kila asubuhi nilipanda moja kutoka hosteli hadi darasani. Siku ya nne nilikaa dirishani, kiti cha pembeni yangu kikiwa wazi. Treni ikajaa. Watu wakasimama, wakashika vyuma, mabegi yao yakigusa magoti yangu, na kiti kikabaki wazi. Nikahamisha mkoba wangu, nikauweka mapajani, labda waliona nafasi haitoshi. Kikabaki wazi. Nikahesabu vituo, maana kuhesabu ndiyo tabia yangu ninapokosa la kufanya. Vilikuwa kumi na kimoja. Kwenye kituo cha sita aliingia mwanamke wa makamo mwenye mifuko miwili mizito. Nikamwonyesha kiti kwa mkono. Akatabasamu, tabasamu zuri kabisa, akasema, "Asante, nashuka karibu."

Alishuka kituo cha mwisho pamoja nami.

Siku zilizofuata niliamua kusimama tangu mwanzo, ili kiti kisiniulize chochote. Wiki tatu. Kuna upweke wa kukosa watu, huo naujua tangu mama yako alipofariki, na una heshima yake. Watu wanakuletea chai. Ule wa treni ni wa kuwa katikati ya watu na kuonekana vizuri sana. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Ungekuwepo wewe nisingekuambia.

Lakini kilichonikamata si dharau ya mama yule. Ni maneno yake. Niliyatambua, kwa kuwa yalikuwa yangu.

Miaka sita hivi kabla ya safari ile nilipanda basi Mikumi kuja Kilosa. Viti vyote vilikuwa vimejaa isipokuwa kimoja, safu ya nyuma, pembeni ya mfugaji wa Kimasai aliyekaa wima na fimbo yake katikati ya magoti. Konda akasema, "Mwandishi, siti hiyo hapo." Nikasema, "Acha tu, nashuka karibu." Nilikuwa naja mpaka stendi, mwisho wa safari. Nilisimama njia nzima. Abiria mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Afadhali miguu iume kuliko pua." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nami nilijihesabia hilo kuwa wema.

Yule mfugaji alikuwa Mzee Saning'o, baba yake Nasieku. Hapo ndipo linapoanza sahihisho la pili, na hili nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Nasieku alikuwa wa dawati moja na wewe darasa la tatu. Kila Jumamosi alikuja hapa na mama yake aliyetuuzia maziwa, na siku hizo hakuwa na sare, alivaa shuka jekundu lenye mistari miwili ya bluu. Mama zenu walikuwa wakipimia maziwa jikoni, ninyi mkicheza barazani. Sijui unamkumbuka kiasi gani. Mimi nimelazimika kumkumbuka.

Ilikuwa mwezi wa kumi, watu wakisafisha mashamba. Nilikuwa Mikumi, pikipiki yangu iko kwa fundi. Saa kumi alasiri nikapigiwa simu na mtu wa kijiji kimoja cha bondeni niliyezoea kupata habari kwake. Ghala la mahindi limeungua, la mkulima mmoja, mavuno yote. "Wafugaji hao," akasema. "Juzi walikatazwa kupitisha ng'ombe." Dawati la habari lilikuwa linafunga saa kumi na moja. Nikaandika kwamba ghala limeteketezwa na watu wanaosadikiwa kuwa wafugaji. Unaona neno lile, wanaosadikiwa. Tunalitumia kama mtu anavyoosha mikono kabla ya kula. Halikunizuia kitu. Waliosadiki walikuwa wawili, yeye na mimi, na wote wawili hatukuwepo.

Kuna swali moja ambalo nimewafundisha vijana wote waliopita mikononi mwangu: uliona, au uliambiwa? Siku ile sikuliuliza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Muda ulikuwa mfupi, ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba jibu lilifanana na picha niliyokuwa nayo tayari kichwani, na picha hiyo ilikuwa imevaa shuka.

Habari ilitoka Ijumaa. Jumamosi Nasieku alikuja na mama yake kama kawaida. Mama yake alikuwa kimya, nami nikadhani ni uchovu; sikujua kwamba boma lao ndilo lililokuwa karibu zaidi na ghala lile. Nilikuwa chumbani, dirisha la barazani liko wazi. Nikakusikia.

"Leo wewe kuwa adui."

"Kwa nini mimi?"

"Una shuka. Baba ameandika."

Kisha Nasieku akasema, "Basi leo tu. Kesho niwe mto."

Ukakubali. Ulimwambia mto hauna maneno mengi, atakuwa anavuma tu. Akasema anajua kuvuma.

Ningeweza kutoka. Ni hatua nne kutoka kitandani hadi barazani, nimezipima leo. Ningetoka ningesema nini? Kwamba baba hakuona? Nilibaki nimekaa na gazeti mapajani, nikisikiliza mtoto wa watu akifukuzwa kuzunguka nguzo za nyumba yangu, anacheka, anapiga kelele za adui, anazipiga vizuri.

Jumatatu dawati lako lilikuwa na mtu mmoja. Saning'o alikuwa ameambiwa na wanakijiji ahame kabla hawajamhamisha. Alihamisha ng'ombe usiku kupita upande wa pili wa Mikumi. Uliniuliza, "Baba, Nasieku ameenda wapi?" Nikasema wafugaji huhamahama, ndiyo maisha yao. Huo nao ni uongo, ongeza kwenye hesabu yangu.

Baada ya wiki tatu pikipiki ilipona, nikaenda kijijini. Nilimkuta mwenye ghala anajenga jipya. Nikamwuliza kama aliwaona waliochoma. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina la mkewe.

"Moto ni wangu mwenyewe, ndugu mwandishi. Nilikuwa nachoma majani kule chini, upepo ukageuka."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Nikampigia mhariri. Akasema habari imeshapita, tukiirudia tutawasha moto mwingine. Ilikuwa hoja yenye sura ya busara, nami nikaipokea haraka kuliko inavyostahili hoja yoyote. Nikakata simu nikaenda kwenye kikao cha bajeti ya wilaya. Mpaka leo habari ile imesimama kama ilivyo, ina jina langu juu yake.

Sasa nikueleze la leo, nawe usikasirike. Uliliacha faili lako la michoro mezani, limefunguka. Sikulipekua; niliinua kikombe nikaona ukurasa wa kwanza, kisha nikakaa nikatazama zote kumi na nane.

Binti Mkondoa amekuwa mtu. Ni mweusi wa hapa, ana kovu gotini kama lako, nywele zimesukwa twende kilioni, amesimama kwenye tuta la reli na sikio lake limeelekezwa mtoni. Nimeandika miaka mingi kuhusu mafuriko ya mji huu na sijawahi kuyafanya yasikike kama ulivyofanya kwenye ukurasa wa tano. Ulimpaka lini, sijui. Hukuniambia, na nimekueleza hapo juu kwa nini hukuniambia. Mtoto wa Mikumi alisema hutafanana. Umefanana.

Kisha nikafika ukurasa wa tisa, anapoingia adui. Ana masikio marefu yaliyotobolewa, fimbo mkononi, moto nyuma yake. Amevaa shuka jekundu lenye mistari miwili ya bluu.

Nilirudisha ukurasa nikaenda kuchemsha chai, nikasahau kuweka majani. Wewe si mtu wa chuki, nakujua. Nadhani hata hukumbuki ulikomtoa. Ulipotaka adui, mkono ulikwenda wenyewe mahali ulipozoea, na njia hiyo niliifyeka mimi. Ndiyo maana siwezi kukuambia umbadilishe, wala siwezi kukaa kimya uende naye hadi Ujerumani. Kule watakaofungua faili lako hawajawahi kumwona Saning'o. Watamwamini adui wako jinsi mtoto yule alivyoamini katuni zake, na wasomaji walivyoniamini mimi.

Kazi hii ya kusahihisha haikuanza leo, usidhani faili lako ndilo lililonisukuma. Ulipouliza lile swali la kwenye mchele sikulala vizuri. Jumamosi iliyopita, nilipokuambia nakwenda Mikumi kwenye mkutano wa wakulima, nilikwenda mnadani. Niliuliza watu watatu alipo Saning'o, wa tatu akanionyesha. Alikuwa amesimama na mbuzi sita, mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama kutoka viatu kwenda juu. "Wewe ni yule wa gazeti."

"Ndiye mimi."

"Umechelewa."

"Nimechelewa, mzee."

"Unanunua mbuzi?"

"Sinunui."

"Basi sogea, umewaziba wateja."

Nikasogea. Nikasimama pembeni mpaka akauza wawili. Kisha nikamweleza kila kitu, mwenye ghala, upepo, simu ya mhariri. Alisikiliza akitafuna kijiti. Nilimweleza na basi pia, kile kiti cha nyuma. Hapo ndipo aliponikatisha.

"Nakumbuka. Ulisema unashuka karibu. Nikamwambia mke wangu, yule mtu miguu yake ina nguvu." Akacheka kidogo, si kwa ajili yangu.

Nikamwuliza habari za Nasieku. Anaishi upande wa Malolo, ameolewa, ana mtoto wa kiume. "Anasoma?" nikauliza, swali la kijinga.

"Anasoma meseji zangu na kunijibia. Madarasa aliyopata yaliishia hapo."

Nikamwambia nataka kuandika sahihisho. Mhariri wa sasa, kijana ambaye mwaka ule alikuwa bado shule ya msingi, amenipa nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji, maneno mia mbili. Saning'o akatoa kijiti mdomoni. "Andika. Lakini kabla hujapeleka, njoo unisomee. Ile ya kwanza nilisomewa dukani na mtu aliyekuwa anacheka."

Sikusamehewa, Hidaya. Nisingependa usome hivyo. Nilipewa miadi.

Nimeandika rasimu nne. Maneno mia mbili ni mengi kuliko nilivyodhani. Kosa lenyewe linajaa kwenye thelathini. Yanayobaki najikuta najitetea, nafuta. Nyumba itakuwa na utulivu wa kutosha kwa kazi hiyo kuanzia kesho saa moja. Nimeshazoea kukadiria unga wa watu wawili, nitajifunza upya.

Kule uendako kuna siku kiti cha pembeni yako kitabaki wazi. Sina dawa yake. Au mtu atakusifia kazi kisha akuulize nani amekusaidia, na utajikuta unatabasamu. Mimi nilitabasamu. Ikitokea, nipigie, saa yoyote. Nieleze kama habari: ilikuwa wapi, alisema nini hasa, wewe ulikuwa umesimama au umekaa. Ukitaka kulia, lia, nitasubiri. Sitasema ni mchezo. Sitacheka.

Na ikitokea wewe ndiye uliyesimama na kiti kiko wazi, nipigie pia. Hiyo ndiyo simu ngumu zaidi, mimi sikuwa na wa kumpigia.

Nasikia bodaboda kwenye kona. Huenda ni wewe. Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya faili, kabla ya ukurasa wa tisa. Faili lenyewe sijaligusa zaidi ya kulitazama na kulifunga.

Ratiba ni hii. Kesho saa kumi na mbili na nusu, basi. Begi kubwa nitabeba mimi. Alhamisi usiku unaruka. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa mnadani Mikumi, nimsomee Mzee Saning'o maneno mia mbili, na saa sita mchana nitakupigia nikueleze alichosema, neno kwa neno. Jumatatu saa tatu, saa za huko, unafungua faili mbele ya walimu wako. Katikati kuna Jumapili nzima, na penseli unazo.

Baba yako